SOMO: Kabla hujaongeza Mbps ofisini, pima kwanza laini inaliwa na nani

Wakuu, salaam.

Somo hili ni la yeyote aliyekabidhiwa mtandao wa ofisi, awe fundi wa kuajiriwa, mwenye biashara mwenyewe, au yule mhasibu anayeitwa kila kompyuta ikigoma. Ofisi nyingi, intaneti ikiwa nzito, dawa ya kwanza inayotajwa ni kupandisha kifurushi. Bosi analipa, mambo yanatulia siku chache, halafu uzito unarudi palepale. Msimamo wangu ni kwamba usinunue hata Mbps moja ya ziada kabla hujaona grafu ya wiki nzima, na kabla hujahakikisha kuwa foleni ya data inapangwa kwenye ruta yako, si kwenye kifaa cha mtoa huduma.

Mifano ni ya ruta za MikroTik kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye ofisi zetu; amri zake unaziandika kwenye Terminal ndani ya Winbox, programu ya kusimamia ruta hizo. Tuchukue ofisi ya watu 25 Dar es Salaam, laini ya faiba ya Mbps 20 kupakua na 10 kupakia.

Hatua ya 1: Jua ulichonunua

Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Gawa kwa 8: laini ya 20 inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, basi. Kwa hiyo ukimwona mtu anashusha faili kwa MB 2.4 kwa sekunde, laini nzima anayo yeye. Soma mkataba uone kama laini ni yenu peke yenu au mnachangia na wateja wengine, na kasi ya kupakia ni ngapi. Hiyo ya kupakia ndiyo watu hawaiangalii, na ndiyo inayoumiza.

Kisha chomeka kompyuta moja kwa waya, wengine wakiwa wametoka, upime kasi. Kipimo cha waifai ofisi ikiwa imejaa watu hakikuambii kitu kuhusu laini.

Hatua ya 2: Tenga tatizo la ndani na la nje

Kutoka kompyuta yenye waya, piga ping (amri ya kupima muda wa data kwenda na kurudi) sehemu tatu: ruta yako, getiwei ya mtoa huduma (kifaa chake cha kwanza baada ya ruta yako), kisha 8.8.8.8 (seva ya Google). Ya ruta inatakiwa kuwa chini ya milisekunde 1. Ikirukaruka, usimpigie mtoa huduma. Tatizo liko kwenye waya, swichi au waifai yako.

Angalia pia poti za swichi zimeungana kwa kasi gani. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, lakini Mbps 100 inaridhika na jozi mbili. Panya akitafuna jozi moja juu ya dari, poti inaweza kushuka hadi 100 bila kupiga kelele. Kwenye intaneti hutaona tofauti, ila wanaofungua mafaili makubwa kutoka seva ya ndani watalalamika kila siku kwamba "mtandao mbovu".

Hatua ya 3: Weka grafu, iache wiki nzima

/tool graphing interface add interface=ether1

Hapa ether1 ndiyo poti ya intaneti. Fungua kivinjari kwenye anwani ya ruta ukimalizia na /graphs. Grafu ya siku ni wastani wa dakika 5, kwa hiyo mshtuko wa sekunde 20 hutauona humo. Ila utaona saa ambazo laini inajaa: mstari unapanda, unafika kikomo, kisha unalala pale kama meza. Tazama mstari wa kupakia kwanza.

Wenye vifaa vingi watumie SNMP (njia ya kusoma takwimu za vifaa) pamoja na LibreNMS au Zabbix, programu za kufuatilia mtandao. Badilisha lile jina la "public" linalokuja na kifaa, maana ndilo neno la siri la SNMP, na tumia kaunta (vihesabu vya data) za biti 64. Kaunta ya biti 32 inaishia baiti 4,294,967,295. Laini ikipita Mbps 115 hivi, inajaa na kuanza upya kabla ya dakika 5 kwisha, na grafu yako inakudanganya.

Hatua ya 4: Mtafute mlaji

Saa ambayo laini imejaa, fungua Winbox, nenda Tools, kisha Torch (inaonyesha nani anatumia data sasa hivi), chagua bridge ya ndani (inayounganisha poti za ofisi). Kumbuka unatazama kwa jicho la ruta: Tx ni data inayokwenda kwa mtumiaji, Rx ni inayotoka kwake. Bonyeza kichwa cha safu ya Rx ili wakubwa wapande juu.

Utakaowakuta mara nyingi si watu wanaotazama filamu. Ni simu za wafanyakazi zinazopandisha picha za wikendi zikishika waifai asubuhi, ni OneDrive inayosawazisha folda nzima, ni kamera za ulinzi zinazotuma picha nje, ni bekapu iliyopangwa saa tano mchana.

Hatua ya 5: Hamishia foleni kwako

Hapa ndipo penye tiba, someni taratibu.

Njia ya kupakia ikijaa, pakiti (vipande vya data) zinarundikana kwenye kifaa cha mtoa huduma, na kifaa hicho kinazitoa kwa zamu bila kujali nani ana haraka. Hata anayepakua anaumia, maana kila data anayopokea lazima kompyuta yake irudishe ujumbe wa "nimepata", na ujumbe huo nao umekwama kwenye foleni ileile. Ndiyo maana mtu mmoja akituma video, ofisi nzima inasema intaneti imekufa.

Simu za intaneti zinathibitisha jambo hili. Simu moja ya G.711 (mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data) inatumia kilobiti kama 87 kwa sekunde kila upande. Simu 10 kwa pamoja hazifiki Mbps 1. Zinakatika kwa kusubiri, si kwa kukosa nafasi. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda, ilhali foleni iliyojaa inaweza kuiongezea mamia.

Basi weka kikomo kidogo chini ya ulichonunua, kama asilimia 90, ili foleni ijipange kwenye ruta yako. Kwa RouterOS 7 (mfumo endeshi wa MikroTik), tukitumia fq-codel, aina ya foleni inayogawa zamu kwa haki (weka anwani za mtandao wako mahali pa 192.168.88.0/24):

/queue type add name=foleni kind=fq-codel
/queue simple add name=ofisi target=192.168.88.0/24 max-limit=9M/18M queue=foleni/foleni

Kwenye max-limit, namba ya kwanza ni ya kupakia, ya pili kupakua. Sasa mwambie mtu apakie faili kubwa huku wewe unapiga ping 8.8.8.8. Muda usiporuka sana, umefanikiwa.

Hatua ya 6: Ratiba

Bekapu ziende usiku. Kwenye Windows, washa Delivery Optimization ili kompyuta zigawane masasisho humo ndani badala ya kila moja kuyashusha kivyake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimefuata hatua ya 5 lakini queue inasoma karibu sifuri. Nimekosea wapi?
Hujakosea, mkuu. Ni fasttrack iliyomo kwenye mipangilio ya kiwandani. Inapitisha data pembeni ya Simple Queues. Andika /ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]. Prosesa itafanya kazi zaidi, lakini kwa laini ya Mbps 20 ruta nyingi hazitatishika.

Si bora nimpe kila mtu Mbps 1 yake tuyamalize?
Hapana, dada. Wenzake wakienda chakula cha mchana, aliyebaki bado amefungwa kwenye 1 na laini imelala bure. Ukitaka usawa wa mtu kwa mtu, mahali pa foleni/foleni weka pcq-upload-default/pcq-download-default. Kilichopo kinagawanywa kwa waliopo.

Kuna siku tovuti za nchini zinafunguka vizuri ila za nje hazisogei. Hiyo nayo ni foleni?
Hiyo mara nyingi si yako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zililemewa. Trafiki ya ndani inaweza kubadilishana hapa hapa, mfano kwenye vituo vya kubadilishana trafiki vya TIX Dar es Salaam au KIXP Nairobi, ndiyo maana ilipumua. Piga tracert (amri ya Windows inayoonyesha kila hatua data inapopita) uone muda unaruka kuanzia hatua ipi, umpelekee mtoa huduma.

Mwalimu, Torch si kuwachungulia wafanyakazi?
Inaonyesha anwani na kiasi, si yaliyomo. Hata hivyo waambieni wafanyakazi kwa maandishi mnapima nini na kwa nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Usihifadhi orodha za tovuti za watu kama huna sababu ya kikazi.

Sasa ni lini niongeze kifurushi kweli?
Foleni ikiwa imepangwa, bekapu zimehamia usiku, na bado grafu imelala kwenye kikomo saa nyingi za kazi kila siku. Chapisha hiyo grafu umpelekee bosi. Na kama kilichojaa ni kupakia tu, omba waongeze kupakia, usikubali kuuziwa kupakua.