Uliacha kazi serikalini ukaenda NGO, sasa unarudi: mshahara utapangwaje?

Ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, watu wengi waliacha ualimu na kazi za halmashauri wakaenda NGO za kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta kwa sababu kule hela ilikuwa inaeleweka, sasa mikataba inaisha na watu wanataka kurudi, na swali naloulizwa kila siku ni hilohilo, je nitaanzia pale nilipoishia?

Usipige hesabu hivyo. Ukishaacha kazi, ukirudi unalipwa kwa cheo kilichotangazwa, sio kwa ulichokuwa unapata zamani. Ingia Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, fungua tangazo, shuka mpaka kwenye ngazi ya mshahara. Mwalimu wa digrii anaingia daraja la IIIC, yaani ngazi ya mshahara wa walimu inayoitwa TGTS D. Hata kama uliacha ukiwa juu zaidi, TGTS F, na miaka kumi darasani, barua yako itasoma D. Inauma sana najua, lakini bora uijue leo kabla hujakopa. Wengine wanasoma mtandaoni kwamba wakala wa serikali anaweza kuangalia mshahara wa juu kabisa uliowahi kulipwa, hiyo ni Marekani jamani, na hata kule sio lazima wakupe.

Afu kuna umri. Matangazo mengi yanasema usizidi miaka 45 isipokuwa waliopo kazini serikalini, na wewe ulishatoka, kwahiyo nafuu hiyo haikuhusu.

Kwa ambao bado mko kazini nawaomba sana, msiandike barua ya kuacha kazi ili muombe upya. Kama umesoma umepata sifa ya kada nyingine, pitisha barua kwa mwajiri wako, kaa na afisa utumishi muongee kubadilisha kada, na matangazo yanakumbusha watumishi ambao tayari wako kwenye nafasi za kuingilia, yaani za ngazi ya kuanzia, wasiombe, wafuate waraka wa serikali wa tarehe 30 Novemba 2010. Kama kada mpya inaanzia chini ya unachopokea sasa, muulize kwa maandishi habari ya mshahara binafsi, yaani kubaki na mshahara wako wa sasa kwenye cheo kipya, ili usishuke. Kwa maandishi nasema, maneno ya koridoni hayaingii kwenye faili!

Mstaafu yeye hata kuomba haruhusiwi bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Ukipata barua ya ajira isome mstari kwa mstari pale palipoandikwa cheo, ngazi na tarehe ya kuanza. Siku ya kuripoti hakikisha masijala wamegonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako, kwa sababu mshahara wa kwanza ukichelewa, hiyo karatasi ndio itakayodai malimbikizo yako. Salary slip ikitoka linganisha ngazi na barua, ukiona tofauti andika barua mwezi huohuo.

Na usiangalie basic peke yake, toa mchango wa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5%, bima ya afya 3%, PAYE yaani kodi ya mshahara, na kama una deni la bodi ya mikopo wanakata 15% ya basic. Michango yako ya zamani pia ifuatilie PSSSF pale Kigoma mjini, nenda na check number yako ya zamani (namba ya mtumishi) na barua zako za ajira, ya zamani na hii mpya, uwaulize miezi yako inasomeka mingapi, maana pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180.