Nukuu 40, waandishi wanne: jinsi ya kuhesabu na kugawa hisa

Mtu akikuuliza, "Huyu mtafiti amenukuliwa mara ngapi?" usikimbilie kumpa tarakimu. Muulize kwanza: kwa hesabu ipi? Nukuu ni kila mara makala moja inapotajwa katika marejeleo ya makala nyingine, na kuzihesabu si kazi ngumu. Kazi inaanza makala ikiwa na waandishi wanne na nukuu 40. Hizo 40 ni za nani? Kila mmoja apewe zote? Wagawane kumi kumi? Au aliyetangulia jina ndiye achukue? Kila jibu lina watetezi wake, na kama utakavyoona, kila jibu linamweka mtu mwingine juu.

Nitatumia makala nne za kubuni na waandishi wanne niliowaita J, K, L na M. Chukua lahajedwali yoyote uzifanye pamoja nami.

Makala ya 1: J, K. Nukuu 12.
Makala ya 2: K, J, L. Nukuu 30.
Makala ya 3: J peke yake. Nukuu 6.
Makala ya 4: L, M, K, J. Nukuu 40.

Jumla ni makala 4 na nukuu 88. Zishike tarakimu hizi mbili, tutazirudia.

Hatua ya 1: Andika kanuni kabla ya kuona data

Ukurasa mmoja unatosha. Unampima nani: mtu, idara au chuo? Machapisho ya miaka gani? Vitabu na ripoti vimo? Mtu akijinukuu mwenyewe inahesabiwa? Hisa zinagawanywa vipi? Weka tarehe, kisha mpelekee aliyekuomba kazi akubali kwa maandishi.

Nilijifunza hili kwa kuumia. Miaka yangu ya mwanzo nilipeleka jedwali kwa mkuu wa kitengo kimoja. Akaliangalia, akaguna, akaniuliza kama hakuna "njia nyingine ya kuhesabu". Nikaleta nyingine. Akaguna tena. Tulifika jedwali la nne ndipo mtu aliyemtaka akakaa juu, na hilo ndilo lililosomwa kikaoni. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba tulikubaliana jambo jingine, kwa sababu hatukuwa tumekubaliana lolote.

Hatua ya 2: Safisha majina

Hapa ndipo nusu ya muda wako itaishia, na wengi wanaparuka.

Makosa ni ya aina mbili. La kwanza ni mtu mmoja kugawanyika kuwa wawili au watatu: makala moja imeandika jina lake kwa kirefu, nyingine imeweka herufi za kwanza tu, ya tatu imechukua jina la babu ikalifanya la ukoo, ya nne ni ya baada ya ndoa na jina limebadilika. La pili ni kinyume chake, watu kadhaa kuunganishwa kuwa mmoja. Tafuta "Wang Y" katika kanzidata yoyote kubwa utakutana na mtu mwenye maelfu ya makala, kuanzia upasuaji wa moyo hadi saruji. Huyo si mtu, ni umati.

Kosa la kwanza linamnyima mtu haki yake, naye atakuja kulalamika. La pili linampa mtu cha wenzake, na huyo haji kulalamika. Kwa hiyo lihofu zaidi la pili.

Anza na namba ya ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti mmoja mmoja, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Ina nafasi 16, na usishtuke ya mwisho ikiwa herufi X. Hiyo ni alama halali ya ukaguzi. Lakini usiiamini peke yake, maana wapo waliojiandikisha siku ya kwanza na hawajaongeza makala hata moja tangu hapo. Linganisha na orodha ya mtafiti mwenyewe, taasisi alizopitia, na waandishi wenzake wa kila mara. Ukikuta makala ya fani ngeni kabisa katika orodha ya mtu, ifungue uone anwani. Ukishindwa kuamua, mwandikie umuulize.

Kisha ondoa nakala pacha. Makala moja mara nyingi ipo mara mbili: toleo la awali lililowekwa mtandaoni na toleo la jarida. Tumia DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, kuzitambua, ila kumbuka matoleo hayo mawili yanaweza kuwa na DOI tofauti, hivyo panga pia kwa kichwa cha habari na upitie kwa macho.

Hatua ya 3: Chagua kanzidata moja na ufunge tarehe

Google Scholar inaokota karibu kila kitu, zikiwemo tasnifu na ripoti, kwa hiyo tarakimu zake huwa kubwa. Web of Science na Scopus huchagua majarida, na tarakimu zake huwa ndogo. OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya bure na data yake inapakuliwa na yeyote, kwa hiyo msomaji wako anaweza kurudia hesabu yako. Mimi huanzia hapo siku hizi.

Usichanganye. J kutoka Google Scholar na K kutoka Scopus ni sawa na kumpima mmoja kwa futi na mwingine kwa mita. Pakua data yote siku moja, hifadhi faili ghafi usiliguse tena, na uandike tarehe kwenye jina la faili.

Hatua ya 4: Panga mstari mmoja kwa kila mwandishi wa kila makala

Si mstari mmoja kwa makala. Makala ya 4 ina waandishi wanne, basi ichukue mistari minne. Mfano wetu utakuwa na mistari 10. Safu ziwe hivi: A ni DOI, B ni mwandishi, C ni nafasi yake katika orodha ya majina, D ni idadi ya waandishi wa makala hiyo, E ni nukuu za makala.

Hatua ya 5: Gawa hisa

Zijaribu njia zote nne kwenye mfano, hata kama kanuni yako imeshachagua moja.

Hesabu kamili: kila mwandishi anapewa nukuu zote. J anapata 88, K 82, L 70, M 40. Ni rahisi, na ndiyo utakayoiona kwenye kurasa binafsi za watafiti. Sasa jumlisha: 280. Nukuu zenyewe zilikuwa 88. Tumezalisha 192 kutoka hewani. Mtu mmoja akitaka kujua kazi alizoshiriki zimesomwaje, hesabu hii haina ubaya. Ukianza kulinganisha watu au kujumlisha idara, inawabeba wenye makala za waandishi wengi.

Mwandishi wa kwanza tu: L anapata 40, K 30, J 18, M sifuri. Tazama J alivyotoka kileleni akawa wa tatu bila kufanya kosa lolote. Njia hii ina historia yake. Faharasa ya nukuu ya Eugene Garfield, yaani orodha ya kazi zipi zimenukuliwa na nani, iliyoanza kutolewa rasmi mwaka 1964, ilikuwa ya vitabu vilivyochapwa, na kazi iliyonukuliwa iliorodheshwa chini ya jina la mwandishi wa kwanza peke yake. Waliofuata nyuma hawakuonekana. Leo kompyuta inawaona wote, kwa hiyo sioni sababu ya kuwaficha.

Hisa sawa: gawanya moja kwa idadi ya waandishi. Kwenye safu F andika =1/D2, kisha G iwe =E2*F2, ushushe hadi chini. J anapata 6 + 10 + 6 + 10, yaani 32. K 26, L 20, M 10. Jumla 88. Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alilitetea wazo la kugawana mwaka 1981, na Leiden Ranking ya vyuo vikuu pia inapendelea kugawa hisa, ingawa yenyewe inahesabu kwa taasisi.

Hisa kwa nafasi: wa kwanza apate zaidi, wa pili kidogo, wa tatu kidogo zaidi. Inayotumika sana ni ya hamoniki, iliyopendekezwa na Hodge na Greenberg mwaka 1981 na kufufuliwa na Nils Hagen mwaka 2008. Chukua moja gawanya kwa nafasi ya mwandishi, halafu gawanya jibu kwa jumla ya majibu kama hayo ya waandishi wote wa makala hiyo. Kwa waandishi wawili jumla hiyo ni 1.5, kwa watatu 1.8333, kwa wanne 2.0833. Iweke kwenye safu H, na hisa itakuwa =(1/C2)/H2.

Tuifanye Makala ya 4 polepole. L ni wa kwanza: 1 gawanya kwa 2.0833 ni 0.48. M: 0.5 gawanya kwa 2.0833 ni 0.24. K anapata 0.16 na J 0.12. Zidisha kwa 40: L 19.2, M 9.6, K 6.4, J 4.8. Ukimaliza makala zote, J ana 26.98, K 26.76, L 24.65, M 9.60. J na K, waliokuwa mbali kwa hisa sawa, sasa wanapumuliana shingoni. Atakayekuambia J "amemshinda" K kwa 0.22 anakutania.

Na faharasa ya h? Jorge Hirsch aliitoa mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. J ana h ya 4, K 3, L 2, M 1. Angalia kwamba haigawi chochote. Makala ya 4 inamhesabia J, aliye wa mwisho, sawasawa na L aliyetangulia.

Hatua ya 6: Kagua jumla

Jumlisha safu ya hisa kwa kila makala: lazima iwe 1. Jumlisha hisa zote: lazima ziwe sawa na idadi ya makala, kwetu 4. Jumlisha nukuu zilizogawanywa: 88. Ukipata 87.99, kama kwenye hamoniki hapo juu, ni kukadiria desimali tu. Ukipata 98, kuna mwandishi uliyemrudia. Ukipata 78, kuna aliyedondoka. Mara nyingi ni yule mwenye alama juu ya herufi za jina lake.

Halafu usilinganishe mwanahisabati na mtafiti wa saratani kwa tarakimu ghafi, wala makala ya mwaka jana na ya miaka kumi iliyopita. Gawanya nukuu za kila makala kwa wastani wa makala za fani hiyohiyo, mwaka huohuo na aina hiyohiyo. Ukipata 1, iko kwenye wastani.

Hatua ya 7: Uliza majina yalipangwaje

Hisa kwa nafasi zina maana pale tu nafasi ina maana. Wanahisabati na wanauchumi wengi hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo ukitumia hamoniki kwao unawatuza watu kwa kuzaliwa na jina la A. Katika maabara za tiba na biolojia, wa mwisho mara nyingi ndiye mkuu wa maabara, na hamoniki ya kawaida inampa hisa ndogo kuliko wote.

Kipimo cha haraka: makala ya waandishi wanne ina nafasi moja tu kati ya 24 ya kujikuta kwenye alfabeti kwa bahati, ya watano, moja kati ya 120. Ukikuta makala nyingi za namna hiyo zimenyooka kialfabeti, rudi kwenye hisa sawa. Ya wawili haikwambii kitu, ni kama kurusha sarafu.

Makundi makubwa sana yatenge kabisa. Makala ya ATLAS na CMS, makundi mawili ya wanafizikia wa CERN, ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154; kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 ni majina na taasisi. Hisa sawa hapo ni 0.00019. Kwa hesabu kamili, kila mmoja anabeba nukuu zote. Hakuna jibu kati ya hayo mawili linalokwambia mtu alifanya nini.

Hatua ya 8: Pale inapowezekana, soma mchango wenyewe

Majarida mengi sasa huweka tamko la michango kwa mtindo wa CRediT, wenye majukumu 14: aliyebuni wazo, aliyekusanya data, aliyeandika programu, aliyeandika rasimu, aliyetafuta fedha na kadhalika. Lisome kabla ya kumpandisha au kumshusha mtu. Usiligeuze kuwa alama, kwa sababu mara nyingi halisemi nani alifanya kwa kiasi gani.

Linasaidia pia kumkamata mwandishi wa heshima, aliyewekwa jina bila kuchangia. Kwa masharti ya kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, mwandishi ni yule aliyechangia utafiti kwa uzito, akashiriki kuandika au kuihakiki makala, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibika. Yote manne. Kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Lahajedwali haijui hayo. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington, aliyekuwa ameandika "sisi" makala nzima ilhali yuko peke yake, alimwongeza paka wake kama F.D.C. Willard badala ya kuichapa upya. Kwa hesabu kamili, paka na bwana wake wako sawa.

Hatua ya 9: Weka maelezo chini ya jedwali

Jedwali likisafiri bila maelezo, halirudi. Mimi huweka mistari kama hii, kwa herufi ndogo lakini ndani ya picha hiyohiyo ya jedwali ili asiyeipenda asiweze kuikata kirahisi:

"Chanzo: OpenAlex, data ilipakuliwa tarehe fulani. Makala 4, nukuu 88, kujinukuu kumo. Hisa sawa kwa kila mwandishi. Majina yamehakikiwa kwa ORCID na orodha za watafiti wenyewe. Tofauti zilizo chini ya nukuu 1 zisitumiwe kupanga watu."