Kuhosti seva ya biashara kwenye faiba ya bei chee: nini uweke, nini usiweke

Wenye maduka hapa Dar wananiuliza sana hili, faiba ya nyumbani nimeshalipia, kompyuta ya zamani ipo tu stoo, kwa nini nilipie hosting (kukodi seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kutoa tovuti au mafaili, kwa kampuni) tena? Mimi nauliza kwanza: nani ataifungua hiyo seva? Kama ni wewe na vijana wako wa dukani, weka, utaokoa hela. Kama ni wateja, fikiria mara mbili. Na kama ni barua pepe, usiweke kabisa.

Anza na spidi ya kupandisha. Matangazo yanakupa spidi ya kushusha, lakini mteja akifungua tovuti yako wewe ndo unampandishia, kwa hiyo ile namba kubwa haikuhusu. Kwenye intaneti za waya wa TV kama za Marekani tofauti ni kubwa mno, maana ule waya ulijengwa kupeleka picha majumbani, sio kuzirudisha. Pima mwenyewe saa mbili usiku majirani wote wakiwa mtandaoni, siku tatu mfululizo, halafu shika namba ya chini kabisa. Tuseme umepata Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, na biti nane ndo baiti moja), hiyo ni kama MB 1.25 kwa sekunde. Ukurasa wenye picha za bidhaa wa MB 2.5 unachukua sekunde 2 kwa mtu mmoja, wakiingia kumi kwa mpigo ni sekunde 20, na hapo kamera za CCTV na bakapu za simu hazijagusa laini. Nani atasubiri sekunde 20 kuangalia bei ya bomba?

Cha pili IP, yaani namba ya anwani ya laini yako mtandaoni. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya WAN (upande wa intaneti), soma namba iliyoandikwa pale, kisha linganisha na ile unayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ya kwenye ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue mko wateja wengi nyuma ya IP moja na mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja hata ufungue poti (milango ya ruta) zote. Dawa mbili: ulipie IP ya kudumu, ambayo mara nyingi inakuja na kifurushi cha biashara, au utumie njia kama Cloudflare Tunnel, huduma ambapo seva yako ndo inaanza kuunganika na kompyuta za Cloudflare, na wateja wanapitia huko. Ya pili haina gharama ukiwa na domeini (jina la tovuti), mimi ndo naitumia. Ila soma mkataba wako kwanza, vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kuweka seva.

Sasa barua pepe. IP za majumbani nyingi zimeshaorodheshwa na Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, kama IP zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja, halafu tangu Februari 2024 Gmail wamekaza, IP inayotuma lazima iwe na jina, IP ielekeze kwenye jina hilo na jina lirudi kwenye IP ileile, na kwa laini ya nyumbani jina hilo linashikwa na kampuni ya intaneti, sio wewe. Invoisi yako itaingia spamu au itagoma, na mteja hatakwambia, atanunua kwingine.

Kuna siku nilikuwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, Ijumaa mchana, taa ya LOS (ya kuonya ishara ya faiba imepotea) kwenye kile kiboksi cha faiba ikaanza kuwaka nyekundu. Watu wa barabara walikuwa wamechimba mtaa wa pili, waya umekatwa. Tumepiga simu, tukaambiwa subirini hadi masaa 48, kwa sababu kifurushi ni cha nyumbani. Stoku na oda zote zilikuwa ndani ya ile seva, tawi la pili halioni kitu, yule dada wa kaunta akarudi kwenye daftari hadi Jumapili. Iliniuma kwa sababu mimi ndo nilimfungia mwenye duka ile seva.

Lakini haki isemwe pia, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, vitu vilivyohostiwa ng'ambo vilisumbua vibaya, wakati seva iliyo hapa hapa inaweza kuendelea kufikiwa na watu wa hapa kama kampuni zenu zinabadilishana data ndani ya nchi.

Siku hizi nafunga hivi: stoku, mafaili na kamera vinakaa dukani, tovuti kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya kama dola 5 kwa mwezi, barua pepe kwa kampuni inayofanya kazi hiyo, na bakapu inatoka dukani kwenda nje kila usiku. Kompyuta chukua ndogo ya wati 15, inakula uniti kama 11 kwa mwezi, ya wati 60 inakula 43, na kama uko kwenye tarifu ya nyumbani ya matumizi madogo hiyo inaweza kukuvusha uniti 75 kwa mwezi ukahamishwa tarifu ya bei ya juu. Weka UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) inayobeba kompyuta, ruta na kile kiboksi cha faiba pia, watu wanakisahau. Ongeza ruta ya laini ya simu kwa dharura.

Ukimaliza, Jumapili duka likiwa limefungwa zima swichi kuu, acha UPS iishe chaji, washa umeme tena halafu usiguse kitu. Kompyuta isipowaka yenyewe ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka) uiweke iwake umeme ukirudi, kisha rudia.