Kobe wako ana minyoo? Usikimbilie dawa ya mbuzi

Ukiona vitu vyeupe vyachezacheza kwa choo cha kobe usibabaike, lakini pia usitoke mbio hadi agroveti ya kwanza ukanunua dawa ya minyoo ya mbuzi. Nalisema hili mapema manake dawa yaweza kumuua kobe haraka kuliko hiyo minyoo. Kuna dawa yaitwa ivermektini, wafugaji wa mbuzi na ng'ombe waipenda sana kwa sababu yapiga minyoo na wadudu wa ngozi kwa pamoja, na iko karibu kila duka. Kwa kobe hiyo ni SUMU. Yashambulia mishipa ya fahamu, miguu yalegea, shingo yalegea, mwisho hata kupumua anashindwa. Usimpe ya kunywa, usimdunge, usimpake. Muuzaji akikwambia "we mpunguzie tu dozi", mshukuru uondoke.

Sasa hiyo minyoo yenyewe. Kobe wa nchi kavu ana aina mbili za kawaida. Kuna ile midogo myembamba ya milimita chache tu, hii karibu kila kobe anayo na ikiwa kidogo haimsumbui, haina haja umpe dawa kila mwezi eti imalizike yote, haitamalizika na wewe utamchosha mnyama bure. Alafu kuna ile mikubwa kama tambi, yafika hata sentimita 10, ukiiona hiyo usingoje.

Dalili: anaacha kula au ala kidogo, apungua kilo, choo kinakuwa laini au kina majani hayajasagika, anajikunyata pembeni siku nzima hata jua likiwa zuri. Lakini kuna kobe ana minyoo tele na haonyeshi chochote, ndo maana bila kupima choo hujui kitu.

Kupata choo ni rahisi. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu, umwache kama dakika 20 na usiende mbali. Kobe wengi hujisaidia humo humo. Ukikiona kitoe na kijiko ukitie kwenye kikopo safi chenye kifuniko, na umtoe huyo kobe haraka kabla hajayanywa hayo maji. Kipeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa joto hili la Mombasa kikikaa nje hakifai tena, na kama lazima kilale basi kiwe kwenye friji, si friza. Kabla hujaenda piga simu uulize kama wana hadubini na kama washawahi kutibu kobe, wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Huko ataangalia mayai ya minyoo na pia vijidudu vingine ambavyo dawa yake ni tofauti kabisa.

Dawa inayotumika sana kwa kobe ni fenbendazoli, wengine waijua kwa jina la Panacur. Madaktari wengi huenda na miligramu 50 kwa kila kilo ya kobe, alafu yarudiwa baada ya wiki 2, lakini dozi ya kobe wako mwachie daktari akupangie. Mpime kwa mizani ya jikoni, usikisie kwa macho. Wale kobe wakubwa wa Aldabra pale Haller Park, hapa Mombasa, jamaa zake yule kobe aitwaye Mzee aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, dume lapita kilo 200, na wako huenda hata kilo 3 hajafika. Na chupa uisome vizuri! Asilimia 10 maana yake mililita moja ina miligramu 100, asilimia 2.5 ina miligramu 25 tu, ukiidhania ya asilimia 10 kuwa ile ya 2.5 umempa mara nne ya alichotakiwa, na fenbendazoli ikizidi huharibu damu yake. Mdondoshee kwenye ua la hibiskasi au kipande cha tango, akishakula ndo umpe majani mengine. Akikataa usimpanue mdomo kwa nguvu, mpeleke daktari atampa kwa mpira mwembamba unaofika tumboni. Na kobe aliyekauka maji au aliyedhoofika sana apewe maji kwanza, dawa baadaye. Siku chache zinazofuata utaona minyoo iliyokufa kwa choo, hiyo ni sawa.

Lakini kazi kubwa iko uani, na hapa ndo watu wengi hukosea. Mayai yatoka na choo, yakomaa kwenye udongo wenye joto na unyevu, na hapa kwetu joto na unyevu ni mwaka mzima, msimu wa masika ndo balaa, alafu kobe huyo huyo ala jani lililoanguka hapo na mchezo waanza upya. Kwa hivo choo kiokotwe kila siku, asubuhi na jioni ukiweza. Chakula kisiwekwe chini kwenye mchanga, tafuta kigae au sahani bapa uioshe kila siku. Sakafu ya simiti imwagie maji yanayochemka (kobe akiwa mbali jamani), manake haya mayai hayasikii sabuni, na hata jiki haiyamalizi. Kama ni udongo, toa ule wa juu uweke mpya au umhamishe sehemu yenye jua kali.

Kobe mgeni usimchanganye na wenyeji, akae peke yake miezi 3 na apimwe kwanza. Na kobe wa porini usimwokote barabarani ukamleta nyumbani, kisheria wataka kibali cha KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya.

Mlishe nyasi na majani zaidi, maembe na ndizi ziwe mara moja moja, sukari nyingi yaharibu tumbo lake. Mbegu za papai watu wazisifu sana kwa minyoo, mimi sizitegemei kwa kobe mgonjwa.

Watoto wakimshika waoshe mikono kwa sabuni sababu kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akionekana mzima, na lile beseni lisiingie jikoni. Wiki 3 hivi baada ya dozi ya pili peleka choo tena kipimwe.