Kamera za nyumbani zisizotoka nje: ninavyopanga mtandao Mji Mkongwe

Niliwahi kufunga kamera nne katika nyumba ya ghorofa huko Mkunazini, nikaziunga kwenye waifai ileile ya familia. Siku ya harusi wageni wakapewa nywila ya waifai. Kijana mmoja akachezea simu yake, mara akaona picha ya uani, pale wanawake walipokuwa wakijipamba. Mwenyewe alikwenda kusema: "Bibi, uani panaonekana kwenye simu yangu." Niliposimuliwa sikuwa na utetezi. Nywila ya kamera nilikuwa nimeiacha ile ya kiwandani. Tangu hapo, kabla ya kushika drili, nauliza kwanza nani ana haki ya kuona nini.

Hatua ya 1: Chora nyumba. Mlango wa mbele, ngazi na paani panatosha kwa nyumba nyingi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na kamera ya mlangoni huishia dirishani kwa jirani. Igeuze, au tumia kipengele cha kuziba sehemu ya picha. Ukuta wa nje wa Mji Mkongwe usiutoboe kabla ya kuuliza Mamlaka ya Hifadhi.

Hatua ya 2: Vuta kebo. Kuta za mawe na chokaa ni nene, waifai hufika upande wa pili imechoka. Tumia swichi ya PoE: kebo moja hupeleka umeme na picha hadi mita 100. Nunua kebo ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini hewa ya chumvi huila upesi. Pitisha kebo kando ya boriti, usiitoboe boriti yenyewe. Nje, acha kebo ining'inie kitanzi chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya masika yadondokee hapo. Kiungio nacho kiwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Nimefungua vingi nikakuta pini zimeota kijani.

Hatua ya 3: Gawa mtandao. Hapa ndipo penye kazi. Ruta ndogo za laini ya simu kwa kawaida haziwezi VLAN (kuugawa mtandao mmoja uwe kadhaa isiyoonana), kwa hiyo weka ruta yako nyuma yake, utenge mitandao mitatu:

- 192.168.10.x, familia
- 192.168.20.x, wageni
- 192.168.30.x, kamera na rekoda (kifaa kinachohifadhi picha zake)

Kwenye fayawoli, yaani sehemu ya ruta inayoamua nani apite, familia iruhusiwe kuifikia rekoda tu. Wageni wasiguse chochote cha ndani. Kamera zisiende kwa familia wala intaneti. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na rekoda zilizoachwa na nywila za kiwandani, zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tarehe 21 Oktoba watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Kwa hiyo badilisha nywila zote, hata za kamera iliyofungiwa intaneti.

Kamera iliyofungiwa haina pa kuulizia saa. Ielekeze kwa ruta, 192.168.30.1, poti (mlango wa mtandao) ya UDP 123, inayotumika kuulizia saa, na majira ya +3, ya Afrika Mashariki. Isipopata saa, kamera inaweza kuanzia 1970, na rekodi ya wizi yenye tarehe hiyo haimsaidii polisi.

Diski: kamera ya megabiti 4 kwa sekunde hula takriban GB 43 kwa siku. Kamera nne hujaza TB 2 kwa siku 11 hivi.

Hatua ya 4: Kuona ukiwa mbali. Usifungue poti ya kamera kwa ulimwengu, hata kama mwenye nyumba yuko Muscat na ana haraka. Tumia WireGuard, programu ya VPN inayopitisha picha kwenye njia ya siri. Tazama anwani ambayo ruta ya laini imepewa: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hakuna atakayeifikia kutoka nje. Kodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, ruta ya nyumbani ndiyo iite seva, na uweke ishara ya kila sekunde 25 ili njia isifungwe. Kila simu iwe na ufunguo wake. Ikipotea, unafuta huo mmoja. Ukiwa mbali tazama mkondo mdogo, yaani picha hafifu ya kamera ileile, maana ule mkubwa hula karibu GB 1.8 kwa saa.

Hatua ya 5: Umeme. Unguja tulikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hata katizo la dakika kumi linamtosha mwizi. Ruta, swichi na rekoda ziwe kwenye UPS moja, betri inayoshika umeme ukikatika. Kwa PoE, kamera zote zitabaki macho.

Hatua ya 6: Jaribu kama mgeni. Ingia waifai ya wageni, andika anwani ya rekoda: isifunguke. Zima waifai, tumia data ya simu pamoja na WireGuard: ifunguke. Kisha shusha swichi kuu ya umeme, uangalie tena.

Mkunazini nilirudi nikapanga upya bila malipo, nikamwomba kijana yuleyule ajaribu. Alijaribu karibu nusu saa, ukurasa ukabaki mweupe. Bi mkubwa akanishukuru, kisha akaniomba kamera ya uani niishushe kabisa. Nikapanda ngazi nikaishusha.