Namna ya Kumtambua Mbawakawa Anayejifanya Nyuki

Katika misitu ya misonobari ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia British Columbia nchini Kanada hadi California nchini Marekani, yuko mbawakawa ambaye wengi humpita bila kumjua, kwa sababu wamwonapo hudhani ni nyuki wakajitenga naye haraka. Jina lake la kisayansi ni Ulochaetes leoninus, alilopewa na John Lawrence LeConte mwaka 1854, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wa namna ya simba". Jina limemfaa kweli, kwani sehemu ya mbele ya kifua chake imejaa manyoya mazito ya manjano kama shingo ya simba dume. Ni wa familia ya Cerambycidae, yaani mbawakawa wenye papasi ndefu (zile nyuzi mbili za kichwani za kupapasia), na urefu wake ni kama sentimita 2 hadi 3.

Anaowaiga ni nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wanene wenye manyoya wa nchi za baridi. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ambaye hajapata kuwaona na awakumbuke nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti za nyumba zetu, ijapokuwa hao ni wa jenasi nyingine.

Mtafute katika majira ya joto, jua likiwa limewaka, kwenye shina la msonobari uliokufa au unaokaribia kufa, kwa kuwa jike hutaga mayai sehemu ya chini ya mti wa namna hiyo na mabuu hula mbao iliyomo humo. Kuzunguka msitu mzima ni kujichosha bure. Ni afadhali uchague visiki vichache, usimame hatua mbili tatu kando, kisha utege sikio. Huenda ukausikia mvumo wake kabla hujamwona mwenyewe.

Akishatua, usianze na rangi, maana rangi ndiyo inayodanganya. Anza na papasi, kwani kwa maoni yangu hicho ndicho kitambulisho cha kutegemewa kuliko vyote. Papasi za nyuki jike ni nyembamba na zimepinda kama kiwiko cha mkono, ilhali za mbawakawa huyu ni nene, hazina kiwiko, na pingili zake waweza kuziona waziwazi, ingawa si ndefu kama za jamaa zake wengi.

Baada ya hapo tazama mgongo. Mbawakawa wa kawaida huyakunja mabawa ya kurukia na kuyaficha chini ya mabawa magumu ya mbele, lakini kwa huyu mabawa magumu yamefupika yakabaki vigamba viwili tu karibu na kifua, na yale ya kurukia yamelala wazi juu ya tumbo, mchana kweupe, kama ya nyuki. Nyuki ana jozi mbili za mabawa laini. Huyu ana moja, na vile vigamba ndivyo mabaki ya nyingine. Miguu yake ya nyuma nayo haibebi bonge la chavua.

Ukimkaribia mno huinua tumbo na kulipinda kana kwamba anatafuta mahali pa kuchoma. Usiogope, hana mwiba. Ila ana taya za kuuma, basi usimshike kwa vidole. Mwigo wa aina hii, wa asiye na silaha kujivika sura ya mwenye silaha, ulielezwa na Mwingereza Henry Walter Bates mwaka 1862 kutokana na vipepeo wa Amazoni: ndege aliyekwisha kuumwa na nyuki humwepuka kila anayefanana naye.

Mpige picha mbili, moja kutoka juu ili vigamba vionekane na nyingine ya ubavuni inayoonyesha papasi, kisha andika tarehe na aina ya mti. Kisiki usikipasue, kwa maana huenda mabuu yangali yanakula ndani.