Kupe wa bluu si mmoja: waangalie mdomo na mkia

Huku kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, kupe yeyote aliyevimba akawa kijivu-bluu tunamwita kupe wa bluu na mambo yameisha, dawa ni ile ile. Kumbe hilo jina linafunika kupe zaidi ya mmoja. Kuna decoloratus, huyu ni mwenyeji wa Afrika, alafu kuna microplus ambaye asili yake Asia na ameshakutwa Serere na Soroti. Wote wanabeba Babesia bigemina, kijidudu cha ule ugonjwa wa kukojoa damu, lakini microplus anaongeza na Babesia bovis, na dawa anazizoea haraka, ndo maana inafaa kujua ni yupi yuko kwa ng'ombe wako.

Kwanza toa wasiohusika. Miguu ina pete nyeupe na mdomo mrefu unauona bila lenzi, huyo Amblyomma. Miguu ya rangi ya machungwa na amekaa chini ya mkia, evertsi. Kahawia mtupu ndani ya masikio, huyo ndo wa amakebe, yaani ndigana kali. Wa bluu ana mdomo mfupi mno na miguu myembamba iliyopauka. Wenye miguu sita ni watoto, waache tu, hawatakusaidia kwa kazi hii.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Nilijaza kikopo majike manene, yale yanayong'aa kama maharage, nikapanda boda mpaka mjini kwa dokta wa mifugo, akafungua akacheka, akaniuliza sasa mabwana zao wako wapi? Dume ni kadogo kuliko punje ya simsim, mara nyingi kamejificha chini ya tumbo la jike, ukivuta jike haraka haraka kanadondoka kwenye nyasi hata hujaona. Na dume ndiye ana habari.

Mfunge ng'ombe kwenye krashi, ule uchochoro wa kumbana asitikisike, tumia kibanio, shika karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kuzungusha. Vidole vinaacha mdomo ndani ya ngozi na bila mdomo hakuna cha kuhesabu. Waweke kwenye spiriti ya asilimia 70, sio waragi bana, ile kawaida ni kama 40 tu wataoza, labda unywe mwenyewe. Spiriti itawapausha rangi lakini usijali, rangi haikuwa inakusaidia.

Chukua lenzi ya mara 10 umwangalie dume kwa nyuma. Akiwa hana kabisa kale kamkia katikati, huyo si yeyote kati ya wale wawili, anaweza kuwa annulatus, ndugu yao. Akiwa nako, angalia pembeni mwa mkia ukiwa unamtazama kutoka juu: decoloratus ana vimiiba viwili vya mabamba ya chini vinavyochomoza mpaka unaviona, kwa microplus huvioni mpaka umpindue. Dume aliyekauka anadanganya, kwa hiyo usikate kauli hapo.

Meno ndo yanamaliza ubishi, lakini hayo yanataka mikroskopu, mara 40 kwenda juu. Mlaze chali, utaona katikati ya mdomo kama kiulimi chenye meno yaliyopangwa kwa mistari, gawa katikati kwa jicho alafu hesabu mistari ya upande mmoja tu. Mitatu ni decoloratus. Minne ni microplus, ila annulatus pia ana minne, ndo maana nilikwambia uanze na mkia. Kama meno hayaeleweki angalia vile vipapasio viwili vya pembeni, pingili ya kwanza upande wa ndani: decoloratus ana kauvimbe kenye vinywele, microplus pamebonyea tu. Simu ukiiegesha kwenye jicho la mikroskopu unapiga picha safi, unahesabu ukiwa umekaa.

Usihesabu mmoja ukatangaza, angalia hata kumi kutoka ng'ombe tofauti, kwa sababu wanaweza kuchanganyika kwenye zizi moja na wengine meno yamevunjika. Na kila kikopo tumbukiza karatasi yenye tarehe, kijiji na sehemu ya mwili uliyowatoa, andika kwa penseli, mimi niliandika kwa biki, spiriti ikayeyusha wino usiku mmoja na mpaka leo sijui wale kupe walitoka kwa ng'ombe wa nani.